Samaki Wanaotaka Maji Yakauke

Nilikulia Chilangala, juu kwenye uwanda wa Newala, mahali pasipo na mto wala kijito. Mvua ikinyesha kwetu, mchanga unaimeza kabla hujamaliza kuanua nguo. Kila nyumba yenye bati ilijitahidi kuwa na kisima cha kuvunia maji: shimo kubwa lililosakafiwa kwa saruji, mdomo wake umefunikwa kwa mfuniko wenye kufuli. Ufunguo wa kisima chetu aliushika mama, akaufunga kwenye pindo la kanga yake, na hata akiwa msikitini pindo lile halikufunguka. Kisima kikiisha kabla ya mvua, wanawake waliteremka ukingo wa uwanda mpaka chemchemi za bondeni, kisha wakapanda na ndoo kichwani wakiwa wamefunga mdomo, kwa sababu anayepanda mlima ule akiongea hafiki.

Kwa hiyo habari kwamba nimechaguliwa kwenda chuo kikuu kusomea viumbe wa majini iliwachekesha wengi. Nilikwenda Chiungutwa, chini ya uwanda, upande wa Masasi, kumuaga mjomba. Alikuwa kaka mkubwa wa mama na mwenyekiti wa kijiji, na kwetu sisi mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto. Alinipokea akiwa amekaa barazani anabangua korosho.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nasikia unakwenda kusomea maji."

"Ndiyo mjomba. Vinavyoishi ndani ya maji. Ya mito, ya maziwa, na ya bahari."

Alitafuna korosho moja taratibu. "Na ukimaliza utafanya kazi wapi? Maana kule kwenu Chilangala hata chura hamna, mnasimuliwa tu."

Nilicheka naye. Sikumwambia kwamba sababu ya mimi kuchagua somo lile ilikuwa palepale kijijini kwake, mwendo mfupi nyuma ya mikorosho yake.

Nilipokuwa mdogo mama alikuwa ananipeleka Chiungutwa kila msimu wa mvua nikakae na mdogo wake, mama mdogo wangu, mwanamke mwembamba aliyekuwa akitembea haraka na kuongea haraka zaidi. Ng'ambo ya shamba lake palikuwa na bonde la udongo mweusi, ule wa kunata. Kiangazi bonde lile lilikauka likapasuka nyufa pana, ukiingiza mguu unapotea mpaka kwenye kifundo. Mvua zikianza lilijaa maji, likawa dimbwi refu lenye nyasi pembeni. Na wiki chache baada ya maji kujaa, dimbwini mlikuwa na samaki.

Walikuwa samaki wadogo, hawazidi kidole cha mtu mzima. Majike walikuwa wa kijivu, huwezi kuwakumbuka. Lakini madume! Mwili mwekundu kama pilipili iliyoiva, na kila gamba limetiwa ukingo wa buluu. Mimi niliyetoka mahali ambapo maji yalifungwa kwa kufuli, nilichuchumaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Sikushangaa sana uzuri wao. Nilichoshangaa ni wametoka wapi. Hakuna mto ulioingia pale. Nilipofika tu, kabla mvua hazijashika, nilikuwa nimekimbia juu ya ardhi ileile, ikiwa vumbi.

"Wanashuka na mvua," mama mdogo aliniambia huku akisuuza sufuria. "Wewe huoni mvua ikiisha nao wanaisha?"

Mjomba alisema hapana, wanapanda kutoka Ruvuma maji yanapofurika. Jirani mmoja alisema wanaletwa na korongo, miguuni. Nikawauliza, korongo abebeje samaki miguuni asife njiani? Jirani akasema, "Mtoto huyu maswali yake yanachosha," na mazungumzo yakahamia kwenye mihogo.

Miaka ikaenda. Nikasoma, nikafika chuo, Dar es Salaam. Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na sabuni ya foleni sasa yalijaa vitu, masoko yalijaa nguo za mitumba, na sisi wanafunzi tulianza kuambiwa kwamba wazazi nao watapaswa kuchangia masomo. Kwetu kusini malori ya wanunuzi binafsi wa korosho yalianza kupanda uwandani, kila moja na mizani yake, na watu waliokuwa wamezoea mnunuzi mmoja wakajikuta wanabembelezwa.

Bahari niliiona kwa karibu kwa mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi. Tulipelekwa Mikindani kwa mafunzo ya vitendo, maji yakiwa yametoka sana, mwamba wote uko wazi. Kila mmoja wetu alipewa fremu ya mraba ya waya. Unaitupa juu ya mwamba, kisha unahesabu kila kinachoishi ndani yake: majani, konokono, kaa, vitu laini visivyo na jina la Kiswahili nililolijua. Wenzangu wa pwani walimaliza mapema wakakaa wakipiga soga na wanawake waliokuwa wakitafuta pweza. Mimi nilibaki nimeinama juu ya mraba wangu. Nilikuwa nikifikiri: hapa maji huondoka na kurudi kila siku, na viumbe hawa wanajua namna ya kuyasubiri. Kaa anajichimbia. Chaza anafunga mlango wake na maji kidogo ndani. Je, kama maji yangechelewa miezi saba?

Wakati wa kuchagua mada ya utafiti wa mwaka wa mwisho ulipofika, wengi walichagua matumbawe au mikoko. Mhadhiri wangu alikuwa mtu wa Kanda ya Ziwa, mrefu, mpole, aliyezaliwa mahali ambapo ng'ambo ya maji haionekani. Nilipomwambia nataka kufanya utafiti nyumbani, alifungua ramani.

"Newala na Masasi," alisema. "Mbona hapa sioni ziwa?"

"Hakuna, mwalimu."

"Mto je?"

"Uko Ruvuma, lakini mbali kidogo. Ninachotaka ni dimbwi. Linakauka kila mwaka."

Aliinua macho. "Unataka kusoma samaki wa mahali ambapo nusu ya mwaka hakuna maji?"

"Nataka kujua nusu hiyo ya mwaka wanakuwa wapi."

Akaanza kutabasamu. Alisema amewahi kusikia juu ya samaki wa namna hiyo sehemu nyingine za Afrika, kwamba inasemekana mayai yao hulala ndani ya tope, lakini yeye mwenyewe hajawahi kuwaona. "Usiniletee nilichosikia," alisema. "Niletee ulichoona." Akaniazima lenzi yake ya mkono, akanionya nisiirudishe na mikwaruzo.

Hivyo likizo ndefu ya mwaka ule nikateremka na basi Masasi, nikafika Chiungutwa, na asubuhi iliyofuata nikaingia bondeni na jembe. Mama mdogo alisimama ukingoni kashika kiuno.

"Unapanda nini huko? Mvua bado."

"Ninachimba samaki, mama mdogo."

Alinitazama, kisha akaenda zake, na kwa mbali nikamsikia akimwambia mtu kwamba masomo yakizidi nayo ni mzigo.

Nilijaza kiroba kimoja cha tope kavu, nikapanda nacho lori la korosho mpaka uwandani. Mpango wangu ulikuwa huu: nikilitia tope maji pale Chilangala, juu kabisa, ambapo hakuna mto wa kufurika, ndani ya beseni lililowekwa chini ya bati na kufunikwa chandarua ili lisiguswe na mvua wala ndege, na samaki wakatokea, basi watakuwa wametoka topeni, hakuna pengine. Pembeni nitaweka beseni la maji matupu, na la tatu lenye maji na mchanga wa kwetu, kwa kulinganisha. Mabeseni niliyanunua Newala mjini, ya plastiki nyeupe, aina iliyokuwa imeanza kuletwa kwa wingi na wafanyabiashara. Kilichobaki kilikuwa maji, na maji yalikuwa kwenye pindo la kanga ya mama.

Mama alikuwa mjane wakati huo. Baba alikuwa ametangulia mbele ya haki nikiwa sekondari, na mama aliendesha shamba peke yake. Nilimkuta uani anajifuta unga wa salfa usoni. Ilikuwa miezi ya kupulizia mikorosho dawa, na asubuhi uwanda wote ulikuwa na ukungu wa njano unaowasha macho. Nilimweleza kila kitu, na yeye akasikiliza mpaka mwisho.

"Beseni tatu," alisema.

"Ndiyo mama."

"Kisima kiko chini ya nusu na mvua ni mpaka mwezi wa kumi na mbili. Unataka nitoe maji ya kunywa umwagie matope, na mengine uyaweke tu yakae, uyaangalie?"

"Ya pili na ya tatu tutayatumia baadaye kufulia. Hayatapotea."

"Na hayo ya tope?"

"Hayo yatapotea."

Alikunja pembe ya kanga, akaikunjua. "Baba yako," alisema mwishowe, "alikuwa akiniambia ulipokuwa huwezi hata kusema vizuri, ulimuuliza maji ya kisimani yanalala saa ngapi." Akafungua pindo.

Maji ya kwanza yalipotea kweli. Nilikaa karibu na lile beseni tangu asubuhi hadi jioni, kesho yake tena, na siku zilizofuata. Tope liliyeyuka, likatulia, likatoa harufu ya kisima kilichofunguliwa, basi. Hakuna kilichosogea. Mama alipita akiwa na ndoo, akatazama beseni, kisha akatazama ndoo yake. Wiki ilipokwisha nilimwaga tope lile kwenye mgomba.

Nilijiuliza nimekosea wapi. Nikakumbuka kwamba nilichimba pembeni mwa dimbwi, kwa kuwa palikuwa karibu na njia, na udongo wa pale ulikuwa mgumu kama tofali la kuchoma. Isitoshe, kiroba kilikaa siku nzima juu ya lori, juani. Yai gani lingevumilia? Kama mimi ni samaki, na najua maji yanakwisha, nitataga wapi? Pale maji yanapobaki mwisho. Katikati, penye kina.

Nikarudi Chiungutwa. Safari hii nilichimba katikati ya bonde, nikaondoa gamba la juu, na chini yake nikakuta tope lenye unyevu kidogo, jeusi, linalobonyea kidoleni. Nililitazama kwa lenzi pale pale nikiwa nimepiga magoti. Niliona vipande vya majani, mizizi, chembe za mchanga. Kisha nikaona kitu cha mviringo, cheupe kama wingu, kidogo kuliko mbegu ya mchicha. Nikadhani ni mbegu kweli. Nikakigeuza kwa ncha ya majani makavu, na ndani yake nikaona madoa mawili meusi. Yalikuwa macho.

Sikumbuki nilisema nini, lakini mama mdogo, aliyekuwa akipalilia mihogo yake mbali kidogo, alikuja mbio akidhani nimeumwa na nyoka. Nikampa lenzi. Ilimchukua muda kujua pa kuweka jicho.

"Kinaniangalia," alisema.

"Ndiyo huyo samaki wako wa mvua, mama mdogo. Yuko hapa tangu mwezi wa tano."

"Hajafa?"

"Anasubiri."

Alirudisha lenzi. "Bila maji," alisema, na akaangalia bonde zima lililokauka, kama mtu aliyeambiwa kwamba chini ya sakafu ya nyumba yake kuna wageni wamelala.

Tope hilo nililifunga kwa majani ya mgomba, nikalipeleka uwandani nimelipakata mapajani. Mama alitoa maji ya mtungini, ya baridi, bila kuulizwa. Niliyamimina asubuhi. Mchana nikaenda kumsaidia kufyeka chini ya mikorosho, kwa sababu aliniambia nikiendelea kulikodolea macho beseni hilo nitalitia jicho baya.

Tuliporudi, mama ndiye aliyeinua chandarua kwanza, mimi nikiwa bado nanawa miguu.

"Njoo," aliniita, kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

Mwanzo niliona maji ya kahawia tu. Kisha macho yakazoea. Palikuwa na vitu vyembamba kama nyuzi, kila kimoja na macho mawili makubwa kuliko mwili, vinakwenda kwa kushtukashtuka. Vilikuwa vingi. Katika beseni la maji matupu, hakuna. Katika lile la mchanga wa kwetu, hakuna. Mama alichuchumaa kando yangu na hakuondoka mpaka adhana ya magharibi.

Kesho yake mtaa wote ulikuwa umesikia kwamba kwetu wamezaliwa samaki. Watu walikuja. Wengine walitazama wakacheka kwa furaha, wengine walisimama mlangoni tu, hawakutaka kukaribia. Bibi mmoja jirani aliuliza kama nilisoma maneno yoyote nilipomwaga maji, nikamwambia sikusoma, akasema labda nimesahau. Mwalimu wa madrasa alikuja baada ya sala, akainama juu ya beseni mikono nyuma, akanong'ona kumsifu Mungu, kisha akaniuliza swali zuri kuliko yote niliyoulizwa: kama maji yakija kidogo tu, halafu yakakatika, hao walioamka watafanyaje?

"Watakufa, ustadhi," nilimjibu.

"Basi ukoo wao ungekuwa umekwisha zamani. Mvua za huku ndivyo zilivyo kila siku, zinadanganya."

Nililibeba swali hilo.

Vile visamaki vilikula wadudu wadogo wa majini walioamka pamoja navyo kutoka topeni, na vilipokua vikala viluwiluwi vya mbu, jambo lililomfurahisha mama kuliko mengine yote. Alianza kuwakamatia mwenyewe kutoka kwenye mtungi uliovunjika nyuma ya jiko. Kabla likizo haijaisha, wengine walianza kupata rangi, wekundu wa kwanza ukajitokeza mkiani mwa dume mmoja. Niliandika, nikachora, nikapima. Nilipoondoka, niliwaacha kwa mama. Alisema atawaangalia mpaka wafe wenyewe, na ndivyo alivyofanya, kwani maisha yao ni miezi michache tu hata ukiwapa maji ya mwaka mzima.

Nilipata alama nzuri. Mhadhiri alichukua lenzi yake, akaikagua mikwaruzo, kisha akanirudishia na kusema nikae nayo. Nikaajiriwa mkoani Mtwara, kazi ya kufuatilia hali ya maji: leo sampuli za bahari, kesho za mabwawa na mito. Ndipo likaja jambo ambalo sikulitarajia.

Mmoja wa wanunuzi wa korosho, mtu wa kutoka nje ya mkoa aliyekuwa akitafuta kupendwa na wakulima ili wamuuzie yeye, aliahidi kuleta katapila Chiungutwa kuchimba lambo. Kijiji kikachagua mahali, na mahali penyewe palikuwa bonde langu. Lingechimbwa kina, lingewekwa tuta, maji yangekaa mwaka mzima, na ndani wangepandikizwa perege. Mjomba alinitumia salamu kwamba kuna mkutano na angependa niwepo, kwa vile mimi ndiye niliyesomea.

Nilijua maana yake. Mayai ya samaki wale hayaanguliwi mpaka yakauke kwanza. Maji yakikaa mwaka mzima, mayai yataoza chini. Na hao wachache watakaozaliwa wataliwa na perege kabla hawajataga.

Usiku wa kuamkia mkutano nililala kwa mama mdogo. Wakati wa kula nilimweleza. Alisikiliza akinitilia mboga, na mara hii hakuharakisha.

"Kwa hiyo samaki wako wanataka maji yakauke," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi nataka yasikauke. Nina magoti mabovu, na kisima cha karibu ni kule ulikokuwa ukilia njiani ulipokuwa mdogo. Sasa tufanyeje, mwanangu?"

Hakuwa akinigombeza. Aliuliza kweli, kama anavyouliza iwapo chumvi imetosha. Na mimi niliyekulia penye kisima chenye kufuli ningemwambia nini? Kwamba abebe ndoo kwa ajili ya samaki asiyefika kidole?

"Lichimbwe," nilisema. Na moyoni niliumia, sikatai.

Alfajiri nilitembea peke yangu bonde zima, juu mpaka chini. Upande wa chini, mbele ya kichuguu kikubwa, palikuwa na bonde jingine dogo, la kina kifupi, lililotengwa na lile kubwa kwa kipande cha ardhi iliyoinuka. Nilichimba katikati yake, nikaangalia kwa lenzi. Ilinichukua muda mrefu, mpaka jua likaanza kuchoma shingo, lakini mwisho niliyaona: macho mawili meusi.

Mkutanoni mjomba aliponipa nafasi, sikusema mengi. Nilisema lambo ni jambo jema na mimi naliunga mkono. Nikaeleza samaki wale ni nani, wanaishije, na kwamba kuna watu watasafiri kutoka mbali sana kuwaona. Nikaomba kitu kimoja: lile bonde dogo la chini liachwe kama lilivyo, lisichimbwe, wala asipandikizwe perege humo.

Mzee mmoja aliuliza, "Litatusaidia nini?"

"Wanakula viluwiluwi vya mbu," alijibu mama mdogo kabla sijafungua kinywa. "Dada yangu amewaona kwa macho yake."

Watu walicheka. Mjomba alitafuta anayepinga, hakumpata, kwa sababu bonde dogo lile lilikuwa la kunata mno hata kwa kulima, na mkutano ukaendelea na habari ya nani atawapikia watu wa katapila.

Lambo likachimbwa. Mvua ya kwanza likajaa, na nilipokwenda niliona wanawake wakichota maji wakiwa wanaongea na kucheka, ndoo kwa ndoo, bila haraka. Msimu uliofuata nilipitisha wavu ndani yake mara nyingi. Perege walikuwepo, wanene. Wekundu hawakuwepo hata mmoja. Nilijua itakuwa hivyo, lakini kujua kabla hakupunguzi kitu. Katika lile dogo la chini walikuwepo, wachache, wakizungukana kwenye nyasi.

Kila mwaka nilikwenda. Mwaka mmoja mvua ilinyesha mapema, dimbwi dogo likajaa, wakaanguliwa, kisha jua likawaka wiki baada ya wiki na maji yakakauka kabla hawajakua. Niliwakuta wamekauka juu ya tope kama vipande vya nyasi. Nikakumbuka swali la yule mwalimu wa madrasa. Mvua ziliporudi baadaye msimu uleule, nilikwenda bila matumaini makubwa, na nikakuta wengine, wapya, wanashtukashtuka majini. Yapo mayai yaliyosikia maji ya kwanza na hayakuamka. Kwa nini hili liamke na lile lisiamke, na yote yametagwa na mama mmoja ndani ya tope moja, mpaka leo najua kwa sehemu tu. Nilipofika Chilangala nilimtafuta ustadhi kumpa jibu lake. Alifurahi, akasema, "Kumbe wana akiba." Kisha akaniuliza jingine, nani anawapangia zamu. Nikamwambia hilo bado.

Halafu zikaja zile mvua za Elnino. Barabara ya Masasi ilikatika vipande, na ilinichukua muda mrefu kupata gari. Nilipofika Chiungutwa, mama mdogo alinichukua moja kwa moja mpaka bondeni. Lambo lilikuwa limefurika. Tuta halikupasuka, lakini maji yalikuwa yamepita pembeni, yakavuka ile ardhi iliyoinuka, na sasa lambo na dimbwi dogo yalikuwa ziwa moja.

"Perege wameshavuka," mama mdogo alisema. "Nimewaona jana. Pole, mwanangu."

Nilipitisha wavu. Ulitoka na perege wadogo, wengi, wanarukaruka. Nilipitisha tena na tena. Wekundu niliowapata ni wa kuhesabu, nao mikia imeliwa. Nilikaa kwenye tuta, nguo zimelowa mpaka kiunoni. Mama mdogo alikaa kando yangu na magoti yake mabovu, akanifunika mabegani kwa kanga yake ya pili.

Mvua zikaisha. Maji yalishuka, ile ardhi ikatokeza tena, lambo likabaki upande wake na dimbwi dogo upande wake, likiwa na wafungwa wake wote. Nami nikarudi kazini Mtwara, nikiamini kwamba msimu ule ndio ulikuwa wa mwisho wao.

Nilirudi mwezi wa saba kwa ajili ya harusi ya binamu. Nilimkuta mama mdogo jikoni, ukumbi mzima unanukia samaki wa kukausha. Juu ya kichanja walijaa perege.

"Umenunua wapi wote hawa?"

"Kununua? Dimbwi lako limekauka. Tuliwaokota kwa mikono, wanawake wote wa upande huu. Walikuwa wamelala juu ya tope wanahema." Aligeuza mmoja. "Hao hawajui kusubiri."

Niliacha mzigo wangu pale mlangoni, nikaomba jembe. Aliniambia nile kwanza, nikamwambia nitakula nikirudi. Bondeni tope lilikuwa bado laini katikati, lina alama za miguu ya wanawake kila mahali. Nilipiga magoti pale ambapo maji yalikaa mwisho, nikachimba, nikatoa lenzi. Kucha zangu zilijaa tope jeusi. La kwanza lilikuwa mbegu. La pili lilikuwa mbegu. La tatu niliposogeza kwenye mwanga, lilikuwa yai, bichi bado, halijaota macho, lakini liko safi na ndani yake mna tone dogo la mafuta linalong'aa.

Nikalifukia tena mahali pake, nikafunika kwa kiganja, nikaenda kula.